Sura ya Saba: Nani Atamsemea Lodi Lofa?

Mtu akiulizwa kama mchapishaji wa katuni ameigeuza vizuri hadithi yake kuwa filamu, hukimbilia kulinganisha picha. Joho ni lilelile? Stelingi ana kifua kama alichochorewa? Jengo limeporomoka kama lilivyoporomoka kitabuni? Kipimo hicho ni chepesi, ndiyo maana kimeenea, lakini hakigusi kiini. Mhusika wa katuni haishi kwa wino peke yake. Ndumilakuwili, Madenge, Kipepe na Lodi Lofa, waliowachekesha wasomaji wa gazeti la SANI kwa miaka mingi, wanakumbukwa kwa maneno yao kabla ya sura zao. Jina la Ndumilakuwili limekwisha kumhukumu hata hajafungua kinywa. Jina la Lodi Lofa limekutanisha ubwana na ukata ndani ya mtu mmoja. Na gazeti la namna hiyo mitaani halikusomwa kimyakimya. Mmoja alilishika, wengine wakachungulia begani, na aliyelishika akatoa sauti za wahusika wote. Filamu ya kwanza ya katuni za Kiswahili ilionyeshwa hapo, barazani, na mwongozaji wake alikuwa msomaji.

Hoja ninayoijenga katika sura hii inatoka hapo. Hadithi ya katuni huvuka salama kuingia kwenye filamu pale mwenye kuijua sauti yake anapobaki na kauli mpaka mwisho wa safari. Fedha, mitambo na ufundi wa kamera vina kazi yake, lakini vinafuata nyuma. Waliofanikiwa, wakubwa kwa wadogo, ni wale waliokuwamo chumbani wakati maamuzi yanafanywa. Walioshindwa waliuza hadithi wakaenda zao, au walibaki na hati ya umiliki huku kauli ikishikwa na watu wasioijua hadithi. Kwa Kiswahili, ambako mhusika ni ulimi kabla ya kuwa mwili, kosa hilo linagharimu zaidi.

Tanga ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu mashine ya chapa na kamera ya filamu zote mbili zilifika huko mapema, kila moja kwa njia yake. Huko Magila, Muheza, wamisheni wa Kiingereza walikuwa wakichapa Habari za Mwezi katika miaka ya 1890. Mjini Tanga, shule ya serikali ya Wajerumani ilitoa gazeti la Kiongozi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kurasa zake zilijazwa kwa sehemu kubwa na habari na barua za walimu na makarani wa Kiafrika. Gazeti lilikuwa la mkoloni, lakini sauti nyingi ndani yake zilikuwa za wenyeji, na wasomaji walizitambua. Kwa hiyo pwani hii iliizoea mapema hali ya kuuona msemo wake ukiwa umepigwa chapa, na kuujibu.

Kamera ilikuja kwa desturi nyingine. Mwaka 1935, juu milimani Vugiri, katika Usambara upande wa Korogwe, ulianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York, usimamizi ukawa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisheni, na kazi ya filamu ikaongozwa na Meja Notcutt. Katika miaka miwili hivi zilitengenezwa filamu 35. Zilihusu kodi, benki ya akiba ya posta, ugonjwa wa safura, mmomonyoko wa udongo na mambo ya aina hiyo. Waigizaji walikuwa Waafrika, mandhari yalikuwa ya Kiafrika, nguo na nyumba ni zilezile watu walizozijua. Kwa kipimo cha kufanana kwa picha, mradi ule ulipata alama za juu. Lakini hadithi zilitungwa na waliodhani wanajua Mwafrika anahitaji kuambiwa nini, na sauti ilitiwa mwishoni: maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati, yakachezwa sambamba na filamu iliyokwisha kukamilika. Picha ilitangulia, ulimi ukabandikwa baadaye. Mwaka 1937 fedha zilipokwisha, serikali za makoloni zikakataa kuugharamia, mradi ukafungwa. Nauhukumu kwa hili: filamu 35 hazikumwachia mtazamaji wa Korogwe wala Pangani mhusika hata mmoja wa kumtaja kwa jina kama anavyotajwa Ndumilakuwili.

Nyuma ya kazi za aina ile kulikuwa na imani iliyokuwa imeenea miongoni mwa watengenezaji wa sinema za kikoloni, kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kuifuata picha inayokwenda haraka, kwamba akikatiwa tukio moja na kurukishwa kwenye jingine atapotea. Imani hiyo ilikuja kukanushwa na kurasa za magazeti. Mwishoni mwa miaka ya 1960 lilienea Afrika Mashariki gazeti la African Film, la kampuni ya Drum, lililosimulia kwa picha za kamera visa vya mpelelezi Lance Spearman. Picha moja stelingi yuko ndani ya gari, inayofuata yuko chini ya meza na risasi zinapita juu yake, na msomaji anajaza mwenyewe kilichotokea katikati. Hakuna aliyepotea. Vijana walilisubiri toleo lijalo kama wanavyosubiri mechi.

Faraji Katalambulla aliliona hilo mapema kuliko wengi. Alikwisha kujulikana kwa riwaya yake ya upelelezi, Simu ya Kifo, iliyotoka 1965. Kisha akaanzisha gazeti la hadithi za picha kwa Kiswahili na kuliita Film Tanzania. Jina hilo nalichukulia kwa uzito wake wote. Serikali iliunda Shirika la Filamu Tanzania mwaka 1968, na filamu za hadithi zilizotoka humo katika miaka iliyofuata zilikuwa chache mno. Arusi ya Mariamu, mojawapo ya zinazokumbukwa, ilikuja 1985. Katika pengo hilo gazeti la karatasi ndilo lililokuwa filamu ya nchi. Lilikuwa na waigizaji, mavazi, mandhari na mwongozaji, na mazungumzo yake yaliandikwa na mtu aliyejua Mswahili anavyotishia, anavyobembeleza na anavyodanganya. Mtunzi na mchapishaji alikuwa mtu mmoja, kwa hiyo hakuna aliyemwekea maneno mengine wakati hadithi inatoka kwenye karatasi yake na kuingia kwenye lenzi. Kama kuna hatua moja katika historia yetu ambapo mchapishaji aliigeuza hadithi yake kuwa kitu kinachokaribia filamu na kufaulu, ni hii. Kilichokosekana ni picha kutembea.

Katuni za kuchorwa zilifuata njia nyingine, yenye utajiri zaidi. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa ameingia katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. SANI, ambalo jina lake limetokana na majina ya waanzilishi wake Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilizaa ukoo mzima wa wahusika, na wengi wao walitoka kwenye kalamu ya Philip Ndunguru, kijana aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado katika miaka yake ya ishirini. Wachoraji wenzake wakawaendeleza. Hapo kuna jambo ambalo wachapishaji wetu hawakulipa uzito unaostahili: wahusika wale waliweza kubadili mikono na bado wakabaki wenyewe. Kalamu ilikuwa nyingine, pua ikanyooka kidogo, shati likabadilika, lakini msomaji akiliangalia puto la maneno alijua ni Lodi Lofa anayesema. Mhusika wa namna hiyo ni mali inayoweza kusafiri, kama Spider-Man alivyosafiri kutoka mchoraji hadi mchoraji. James Gayo naye akamleta Kingo, akamjengea gazeti lenye jina lake. Ghala lilijaa.

Lakini filamu za Kitanzania zilipolipuka, baada ya 2003 na hasa katika miaka ya mwigizaji Steven Kanumba, hazikuchota ghalani humo. Bongo Movie ilijengwa na watu waliotoka kwenye vikundi vya maigizo ya televisheni kama Kaole, ikajifunza mengi kutoka filamu za Nigeria, na ikauza kwa kanda na diski. Wachapishaji wa katuni walibaki upande wa pili wa barabara wakiuza karatasi. Sioni sababu ya kuwalaumu watengenezaji filamu kwa hilo. Mchapishaji ndiye aliyepaswa kubisha hodi akiwa na mhusika mkononi, mkataba mfukoni na mchoraji wake ubavuni. Yeye alijiona muuza magazeti. Kumbe alikuwa mlezi wa wahusika, na gazeti lilikuwa mojawapo tu ya nyumba zao.

Ushahidi kwamba soko liliitaka sauti kuliko picha unatoka upande usiotarajiwa. Filamu ya Titanic ya James Cameron, ya 1997, ilipozagaa, Joshua Amandus Mtani aliigeuza kuwa kitabu cha katuni cha Kiswahili: safari ya kurudi nyuma, kutoka filamu hadi karatasi. Meli ni ileile na barafu ni ileile, lakini wapendanao wanasemeshana kama watu wa huku. Na katika mabanda ya video, yale yaliyoitwa vibanda umiza, jina kubwa halikuwa la nyota wa Hong Kong wala wa Hollywood bali la Lufufu, aliyezifasiri filamu za nje kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe, akiongeza, akifupisha, akimpa jambazi wa Kichina lafudhi na matusi ya Dar es Salaam. Watu walilipa kuona filamu ambayo picha zake wangeweza kuziona bila yeye. Walimlipia yeye. Kama sauti ya Kiswahili ina nguvu ya kuifanya filamu ya kigeni iwe ya mtaani, basi hadithi iliyozaliwa na sauti hiyo imeanza safari ikiwa mbele.

Tuwatazame sasa wenye fedha, kwa sababu ndio wanaotajwa kwanza kila mjadala huu unapoanza. Kampuni ya Marvel iliomba hifadhi ya kufilisika mwaka 1996. Kabla na baada ya hapo iliuza haki za filamu za wahusika wake wakubwa: X-Men wakaenda Fox, Spider-Man akaenda Sony. Filamu zilizotoka, ya X-Men mwaka 2000 na ya Spider-Man mwaka 2002, zilikuwa nzuri na zilichuma, hii ya pili zaidi ya dola milioni 800. Sehemu kubwa ya pato ikaingia kwa wengine, na kauli pia. Mwaka 2005 Marvel ikachukua hatua ya hatari: ikakopa dola milioni 525 kupitia benki ya Merrill Lynch, ikaweka rehani haki za filamu za wahusika 10, ikaamua kutengeneza filamu zake yenyewe. Wahusika waliobaki mikononi hawakuwa wa mstari wa mbele. Iron Man alikuwa mmoja wao, mtu ambaye nje ya wasomaji wa katuni wachache walimjua. Filamu yake ya 2008 iliingiza zaidi ya dola milioni 580, na mwaka 2009 Disney ikainunua kampuni nzima kwa takriban dola bilioni 4. Kilichobadilika kati ya 1996 na 2008 hakikuwa ubora wa michoro. Waliokuwa wakiisoma na kuipenda hadithi walikuwa sasa ndio wanaosema ndiyo au hapana.

Linganisha na DC. Kampuni hii imekuwa chini ya Warner tangu 1969, chini ya paa moja na studio kubwa ya filamu. Ingekuwa umiliki peke yake unatosha, DC ingekuwa haina mpinzani. Imetoa kazi bora sana: Superman ya 1978, Batman ya 1989, The Dark Knight ya 2008. Lakini zilitoka pia Catwoman mwaka 2004 na Green Lantern mwaka 2011, ya mwisho ikiwa imegharimu karibu dola milioni 200 na kushindwa kutimiza matumaini ya studio. Filamu zilizofaulu zilishikwa na mwongozaji aliyekuwa na msimamo wake kuhusu mhusika. Zilizoanguka zilipikwa na wapishi wengi, kila mmoja akiogopa jambo lake. Na Marvel yenyewe haikusamehewa ilipoanza kufyatua filamu na vipindi vya televisheni kwa wingi: The Marvels ya 2023 ndiyo iliyoingiza kidogo kuliko filamu zake zote za mfululizo ule. Hata mwenye kauli huipoteza akiigawa vipande vipande.

Wadogo wanalithibitisha hilo waziwazi zaidi, na kwetu wao ndio wa kutazamwa. Marjane Satrapi alichora Persepolis, maisha ya msichana wa Iran, kwa wino mweusi na mweupe. Ilipotakiwa kuwa filamu alikaa kitini mwenyewe akiwa na Vincent Paronnaud, wakatoa mwaka 2007 filamu ya kuchorwa iliyopata Tuzo ya Majaji huko Cannes. Marguerite Abouet wa Ivory Coast aliandika Aya de Yopougon, hadithi ya wasichana wa mtaa mmoja wa Abidjan, ikichorwa na Clément Oubrerie. Kitabu cha kwanza kilitoka 2005, na mwaka 2013 wawili haohao wakaiongoza filamu yake. Kifaransa cha filamu ile ni cha Abidjan, chenye mizaha na mipasho ya Abidjan, na hilo ndilo linaloibeba. Takehiko Inoue wa Japani alisubiri zaidi ya miaka 25 tangu Slam Dunk imalizike kitabuni, kisha akaandika na kuongoza mwenyewe filamu yake iliyotoka 2022. Hakuna kati yao aliyekuwa na bajeti ya Marvel. Kila mmoja alikuwa na kauli.

Najua jibu litakalotolewa hapa: wale wako Ulaya na Japani, ambako hata mdogo ana ruzuku na studio, kwetu fedha ndiyo kila kitu. Siwezi kuubeza ugumu huo. Filamu ya katuni za kuchorwa inakula muda na watu kuliko kitu chochote kingine katika sanaa hii. Lakini mifano iliyo karibu haiungi mkono kukata tamaa. Gado, mchorakatuni aliyezaliwa Dar es Salaam na kuanza kuchorea gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992, alitaka katuni zake za wanasiasa zitembee na kusema. Hakungoja studio ya kigeni. Vikaundwa vikaragosi, na mwaka 2009 XYZ Show ikaanza kurushwa katika televisheni ya Citizen, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwa wenye usukani. Ubongo Kids, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, haikutoka kwenye gazeti, lakini inafundisha jambo lilelile: ilianza na Kiswahili, kisha ikafasiriwa kwenda lugha nyingine. Pangani, shirika la UZIKWASA, lenye redio yake ya Pangani FM na mazoea marefu ya maigizo ya vijijini, lilitoa mwaka 2015 filamu ya Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar, juu ya mwanamke anayedai haki baada ya kubakwa. Weka Vugiri ya 1935 na Pangani ya 2015 kando kwa kando, zote katika mkoa mmoja, zote zikitaka kufundisha. Ya kwanza iliwasemea watu. Ya pili ilitengenezwa na watu waliokuwa wamekaa na jamii ile miaka mingi wakiisikiliza inavyojieleza, na inasikika hivyo.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi. Mchoraji si mwongozaji. Kumpa kauli kunaweza kuiua filamu, maana atang'ang'ania kila kisanduku cha picha kibaki kama alivyokichora. Na mfano mzuri kuliko yote tulionao, Vuta N'Kuvute, haukuongozwa na mtunzi wake. Riwaya ni ya Adam Shafi wa Zanzibar. Filamu ni ya Amil Shivji na kampuni ya Kijiweni, iliyoingia tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar. Shivji alipunguza, akaacha sehemu kubwa za riwaya, akaitafsiri kwa mwanga na ukimya. Nakubali yote hayo, na hayaivunji hoja yangu. Kauli ninayoisema si ya kushika kamera. Filamu ile ilibaki katika Kiswahili, ikachezwa katika vichochoro vya Zanzibar, na nafasi ya Mwajuma akapewa Siti Amina, mwimbaji wa taarabu anayeijua Zanzibar kutoka ndani. Waliokuwa wakiamua waliijua sauti. Hilo ndilo sharti. Mtunzi mwenyewe akiwepo ni heri. Asipokuwepo, awepo anayesikia anachosikia mtunzi.

Kuhusu kung'ang'ania kila kisanduku, Tanga ina jibu lake la zamani. Katika miaka ya 1960 wanamuziki wa Black Star, na baadaye wa Lucky Star, waliichukua taarabu iliyokuwa imezoea udi na fidla za okestra, wakaiingizia gitaa la umeme na gitaa la besi, wakaifanya watu wainuke kucheza. Wapenzi wa taarabu ya kale hawakupendezwa wote. Lakini mashairi yalibaki na vina vyake, mafumbo yake, na ule ufundi wa kumsema mtu bila kumtaja. Sauti ya mwimbaji Shakila ilipotoka humo kwenda Afrika Mashariki nzima, hakuna aliyesema hii si taarabu. Vyombo vilibadilika, ulimi haukubadilishwa. Mchapishaji anayeogopa kwamba filamu itaiharibu katuni yake aisikilize kazi ile ya Tanga, ajue nini kinaweza kuachwa na nini kisiguswe.

Mfano wa kinyume nao umepita Tanga. Edward Said Tingatinga, kabla ya kuanza kuchora Dar es Salaam, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kama maelfu ya vijana wa kusini waliofuata kibarua. Alifariki 1972, mtindo wake ukabaki na wanafunzi wake. Mwaka 2010 ukawa Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya katuni za watoto vilivyotengenezwa Nairobi na Homeboyz kwa kampuni ya Uingereza, Tiger Aspect, na kurushwa na CBeebies. Ni kazi nzuri ya mikono, na vijana wa Nairobi walipata humo ufundi wa kudumu. Lakini ilitungwa kwanza kwa Kiingereza, kwa watoto wa Uingereza. Rangi zilivuka, macho ya wanyama yalivuka, sauti ya mahali mtindo ulipozaliwa haikuvuka. Kisa cha Black Panther ni cha kufikirisha kwa namna hiyohiyo: mhusika wa katuni wa 1966, filamu ya 2018 iliyopita dola bilioni 1.3, nchi ya kubuni ambayo ramani za filamu zinaiweka mashariki ya Afrika, na watu wake wanazungumza Kixhosa, kwa sababu mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini alikuwepo na akaipendekeza lugha yake. Ulimi unaoingia kwenye filamu ni wa aliyekuwepo.

Wengine watasema nimechelewa, karatasi imekwisha kufa. Magazeti ya katuni hayapo tena kwenye meza za wauzaji kama zamani, hilo ni kweli. Lakini Shujaaz ilizaliwa Kenya mwaka 2010 wakati maneno hayohayo yakisemwa, ikamweka mhusika wake Boyie kwenye kitabu cha katuni na kwenye redio kwa wakati mmoja, kwa Sheng ya vijana wenyewe, ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012 na baadaye ikaingia Tanzania. Kampuni ya Kugali, iliyoanza na katuni na ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Hamid Ibrahim, alikulia Uganda, ilifika hadi kufanya kazi na Disney na kutoa Iwájú mwaka 2024. Mhusika haulizi anaishi kwenye karatasi au kwenye simu. Anauliza kama kuna anayemkumbuka namna anavyosema.

Kilichobaki ni kazi ya mikataba, na hapo ndipo mchapishaji wa Kiswahili anapopaswa kuanza leo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kugeuzwa kuwa kitu kingine, na inailinda kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo, kazi ya msanii aliyefariki 1986 inalindwa mpaka mwisho wa 2036. Mkataba wa kuchapa gazeti na mkataba wa kutengeneza filamu ni vitu viwili, viandikwe mbali mbali. Mchoraji atajwe kwa jina. Na iandikwe wazi kwamba mazungumzo ya Kiswahili hayatapitishwa bila yeye au mtu aliyemteua kuyasoma.

Lakini hakuna mkataba utakaosaidia kama hadithi zenyewe zimepotea. Hewa ya bahari ya Tanga na Pangani haina huruma na karatasi: unyevu unaikunja, mchwa wanaimaliza, na iliyobaki hufungiwa karanga. Kwa hiyo namwomba yeyote aliyehifadhi Film Tanzania, SANI au Kingo za zamani, sandukuni, darini au kwenye duka lililofungwa, azitoe sasa, azipige picha ukurasa kwa ukurasa, aandike mwaka na jina la mchoraji, na azifikishe kwa wachapishaji, kwa familia za wasanii, au kwenye maktaba ya mkoa iliyo karibu naye.